Injini mpya ya dizeli ndani ya mashua: ipe kazi, usiilaze kwenye sailensa

Ndugu yangu, nimelisoma swali lako kwa makini. Umeeleza kwamba mashua yako ya mbao, yenye urefu wa mita 10, imefungwa injini mpya ya dizeli ya silinda 3, na kwamba fundi amekushauri uiwashe chombo kikiwa kimetia nanga na kuiacha kwenye sailensa, yaani ikizunguka polepole bila kazi wala resi, siku tatu mfululizo ili izoee. Nakuomba sana usifanye hivyo. Ushauri uo huo nilipewa mimi kwa injini yangu ya kwanza, nikaufuata neno kwa neno, na injini ikaharibika kabla haijatimiza mwaka.

Wakati huo nilikuwa nikibeba mizigo baina ya Kilindoni na Nyamisati. Baada ya siku za sailensa niliendelea kusafiri kwa robo resi kwa muda wa mwezi mzima, nikiamini kwamba naitunza. Dalili ya kwanza ilikuwa oili: kila asubuhi nilipochomoa kijiti cha kupimia nilikuta imeshuka, ilhali chini ya injini hapakuwa na hata tone moja. Kisha ukaja moshi wa buluu, na nyuma ya tezi ukawa unaonekana utando wa mafuta wenye rangi rangi ukielea juu ya maji. Kichwa cha injini kilipofunguliwa, fundi aliniita nichungulie kwa tochi. Ukuta wa silinda uling'aa kama kioo, na nilipopitisha ukucha juu yake haukukwama popote.

Silinda mpya haipaswi kuwa hivyo. Kiwandani hukwaruzwa makusudi mistari myembamba inayokatizana, ili ishike oili kidogo na ili ringi za pistoni, yaani pete za chuma zinazoizunguka pistoni, zisuguane nayo hadi zikae sawasawa. Kinachozisukuma ringi kwenye ukuta si mkazo wake tu, bali hasa ni gesi ya mlipuko inayopenya nyuma yake, na shinikizo la gesi hiyo huwa kubwa pale tu injini inapofanya kazi. Kwenye sailensa shinikizo ni dogo na injini haipati joto la kutosha, kwa hiyo oili hupita pembeni mwa ringi, huungua nusunusu na kuganda ukutani kama vanishi. Ukuta ukishafunikwa hivyo, ringi hazikai tena hata ukiongeza mzigo. Yangu ilibidi ikwaruzwe upya na kuwekewa ringi nyingine.

Injini ya pili niliiwasha, nikahakikisha maji ya kupoozea yanatoka kwenye ekzosi, nikasubiri dakika chache tu, kisha nikang'oa nanga. Katika saa za mwanzo niliiendesha kati ya nusu na robo tatu ya uwezo wake, nikibadilisha resi kila baada ya muda mfupi badala ya kuiacha mahali pamoja. Ilipokwisha kupata joto lake la kawaida niliiongeza hadi karibu na mwisho kwa dakika moja au mbili, nikairudisha. Resi ya mwisho kwa muda mrefu niliiepuka, kama nilivyoepuka kutambaa nayo. Chagua oili ya madini ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha injini yako, wala usianze na ile ya sintetiki, kwa kuwa utelezi wake huchelewesha ringi kukaa.

Jambo ambalo fundi wako hakulitaja, nami naliona zito kuliko yote kwa chombo cha mbao, ni unyoofu wa shafti, kile chuma kirefu kinachotoka kwenye gia na kuzungusha propela. Mbao hunywa maji na kutanuka, kwa hiyo kipimo kilichochukuliwa mashua ikiwa juu ya magogo hakifai tena ikiwa majini. Yangu niliiacha ielee siku nne, kisha tukafungua bolti za flanji, vile visahani vya chuma vinavyounganisha gia na shafti, na kupima nafasi iliyo kati yake pande zote kwa vile vibamba vyembamba ambavyo mafundi huviita fila. Kwa flanji yenye kipenyo cha sentimita 10, tofauti kati ya upande na upande isizidi milimita 0.1. Yangu ilikuwa imefika 0.3, na nchi kavu ilikuwa sawa kabisa! Tulirekebisha miguu ya injini kwa robo mzunguko wa nati, tukapima tena, hadi ikakubali. Ukiacha kasoro hiyo, mtikisiko utakula beringi ya gia na kulegeza bolti, nawe utadhani injini ndiyo mbovu.

Angalia pia propela. Chombo kikiwa na mzigo wake wa kawaida, injini inapaswa kufikia mizunguko ya juu iliyoandikwa na kiwanda. Ikishindwa, na moshi ukawa mweusi, huenda propela ni kubwa mno na injini inalemewa, jambo ambalo kwa injini changa ni baya kama ule ulegevu wa sailensa.

Saa 50 zikitimia, mwaga oili ya injini ikiwa bado ya moto, badilisha filta, badilisha oili ya gia, kaza mkanda wa altaneta na pima shafti tena. Oili hiyo ya kwanza usiione ghali, maana imebeba chembe za chuma zilizosagika wakati ringi zinakaa.

Kuhusu swali lako la mwisho, la lini uanze kupakia mzigo kamili: mimi nilianza na nusu ya mzigo safari ya kwanza kabisa, na mzigo kamili niliupakia kabla ya saa 50 kwisha, nikichagua siku ambazo bahari ilikuwa shwari, na kila tulipofunga gati nilichomoa kijiti cha oili kabla ya kushusha gunia lolote.