Wasiokufa Waliochoka: Maswali ya Wasomaji wa Tanga

*Shikamoo mwalimu. Nimemaliza kitabu cha kwanza cha The Lord of the Rings, riwaya ya Tolkien. Mbona Elrond na Galadriel, viumbe wasiokufa walioishi maelfu ya miaka, wanaongea kana kwamba uovu hauna dawa? (Chumbageni)*

Marahaba. Wameona mengi mno. Sauron, bwana wa uovu, alipoangushwa mwishoni mwa Enzi ya Pili, Elrond alikuwepo, na alimshauri Isildur, binadamu aliyeitwaa Pete yenye nguvu za Sauron, aitupe motoni. Isildur akagoma. Baada ya miaka elfu tatu, Pete ileile inaletwa barazani kwake. Sisi tungeusoma ushindi ule tukashangilia. Yeye alimpoteza mfalme wake Gil-galad siku zile, na bado kazi haikuisha. Tolkien mwenyewe, Mkatoliki, aliandika katika barua ya mwaka 1956 kwamba kwake historia ni kushindwa kwa muda mrefu, ingawa ndani yake huchungulia dalili za ushindi wa mwisho.

*Basi si woga huo? (Pongwe)*

Hata kidogo. Ni Elrond huyohuyo aliyeitisha baraza lililoamua Pete ikaangamizwe. Galadriel anajua Pete ikiangamia Lothlórien, msitu anaoutawala, itafifia, na Frodo, aliyebeba Pete, anapompa anaikataa. Aliyekata tamaa hasa ni Denethor, mtawala wa Gondor, binadamu wa kufa kama sisi, aliyejichoma moto vita vikiendelea.

*Naandika riwaya ya jini wa mapango ya Amboni. Ana miaka elfu, amechoka kupigana na uovu. Rafiki zangu wanasema anawachosha. (Ngamiani)*

Wanachoshwa na hotuba zake. Mpe kumbukumbu. Aliwahi kumtoa mtu gerezani. Sasa amkute mjukuu wa mtu huyo ameshika funguo za gereza lilelile, akiwafungia wengine. Hapo hahitaji kusema neno.

Kisha mletee mwenye kufa wa kubishana naye. Msome Shaaban Robert, mtu wetu, mzaliwa wa Vibambani. Katika riwaya yake Kusadikika, wajumbe sita walitumwa, wakarudi na habari njema, wakaishia gerezani. Karama, aliyeshtakiwa na waziri Majivuno, anazijua habari za wote sita. Mwingine angenyamaza. Yeye anazisimulia moja baada ya nyingine mbele ya mfalme, na ndizo zinazomwokoa yeye na kuwafungua wafungwa. Kumbukumbu inayomlemea jini wako, kwa Karama ni utetezi. Napenda sana riwaya ile kwa hilo.

Mkutanishe jini na huyo mwenye kufa pangoni, wabishane usiku kucha, na jini asishindwe upesi. Sura hiyo ikikamilika nitumie niisome.