Kusambaza sauti ya WhatsApp: kosa ni la nani?

Dada, uliuliza kama unaweza kushitakiwa kwa kurusha sauti inayomtuhumu bwana mmoja kwenye kundi la mtaa pale komine ya Kenya, mjini Lubumbashi, wakati siyo wewe uliyeirekodi. Ndiyo, unaweza. Kifungu cha 360 cha Code du numérique, sheria ya Kongo ya mambo ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023, kinamgusa anayeanzisha habari ya uongo juu ya mtu na anayeisambaza pia: kifungo cha mwezi 1 hadi 6, faini ya faranga 500.000 hadi 1.000.000, au kimojawapo. Kuandika «nimeipokea hivihivi» hakukukingi. Kifungu hiki ni kipana mno, na wanaoumia ni waandishi wa habari; hilo linaniuma sana.

Kwako wewe mwandishi, walio kwenye hatari kubwa ni wale wanaokupa habari. Fungua WhatsApp, gusa «vifaa vilivyounganishwa»: ukikuta kompyuta ya sibakafe (duka la intaneti) bado imo, itoe papo hapo, maana inasoma kila kitu. Kisha funga nakala ya akiba kwa nenosiri. Bila hivyo mazungumzo uliyoyafuta kwenye simu yanaweza kubaki yakisomeka kule Google Drive. Weka pia namba ya siri ya tarakimu 6, ili mwizi wa laini yako asifungue akaunti.

Wakikukamata, Katiba, kifungu cha 18, inataka uambiwe sababu mara moja, uruhusiwe kuita familia au wakili, na usizuiliwe zaidi ya saa 48 bila kufikishwa mbele ya mamlaka ya mahakama. Dai saa uliyokamatwa iandikwe kwenye PV, yaani hati ya maelezo inayoandikwa na polisi. Isome yote kabla ya kutia sahihi.