Wali wa nazi, mikroRNA na lehemu: ni nini hasa kinachopandisha vipimo?

Swali

Daktari, shikamoo. Nina miaka 46, naishi Tanga. Nilipima damu asubuhi kabla ya kula: lehemu (kolesteroli) jumla 6.4, HDL (lehemu nzuri) 0.9, trigliseridi (mafuta ya damu) 3.1, zote kwa mmol/L. Sukari ilikuwa 5.9. Nimeambiwa nibadili ulaji, nirudi baada ya miezi mitatu. Nimesoma mtandaoni kwamba mchele una mikroRNA, vijipande vya RNA vinavyozuia kazi ya jeni, inayoingia kwenye ini la mtu na kupandisha lehemu, na kwamba kuna kipimo cha mikroRNA kinachoonyesha vyakula visivyokufaa. Sampuli hupelekwa nje ya nchi na bei yake si ndogo. Mimi mchana nakula wali wa nazi, chai ya sukari mara tatu kwa siku, soda moja jioni, na kahawa ya dele barazani. Je, niache wali? Nilipie kipimo?

Jibu

Marahaba. Usiache wali kwa kuogopa mikroRNA zake, na fedha za kipimo hicho zibaki mfukoni. Kinachokupandishia lehemu kimo kwenye sahani hiyohiyo, ila si mchele. Ni tui, na pembeni yake sukari ya chai na soda. MikroRNA zinahusika kweli, lakini ni zako mwenyewe, zinazotengenezwa na ini lako kwa kuitikia unachokula.

Nianze na habari ya mchele, maana ina asili. Mwaka 2012 watafiti wa China walichapisha kwamba mikroRNA ya mchele iitwayo miR168a imeonekana kwenye damu ya watu, na kwamba kwenye ini la panya inazuia protini ya LDLRAP1, inayosaidia ini kuchota LDL, yaani lehemu mbaya, kutoka kwenye damu. Panya waliolishwa mchele walipanda LDL. Habari ikaenea dunia nzima. Mwaka 2013 kundi jingine lilirudia jaribio lile kwa uangalifu zaidi: miR168a iliyofika kwenye damu na ini la panya ilikuwa kama haipo, na LDL ilipanda kwa sababu mlo wa mchele haukuwa na virutubisho sawa na mlo wa panya waliolinganishwa nao. Mwaka huohuo watafiti wengine waliwapa wanariadha matunda yaliyojaa mikroRNA za mimea, kisha wakazitafuta kwenye damu yao bila kupata kiasi cha maana.

Sababu yake inaeleweka. MikroRNA inahitaji kuwa na mamia ya nakala ndani ya seli moja ili ifanye kazi. Zile za chakula hukutana kwanza na sufuria inayochemka, kisha asidi ya tumbo, kisha vimeng'enya vya kongosho ambavyo kazi yake ni kukatakata RNA. Chache zinazosalimika husambaa kwenye lita tano za damu na matrilioni ya seli.

Sasa zile za ndani. Jeni inapotaka protini itengenezwe, hutoa RNA mjumbe, ambayo ni kama karatasi ya oda inayopelekwa jikoni. MikroRNA ni kipande kifupi cha herufi 22 hivi ambacho hakitungi protini yoyote. Hujibandika kwenye karatasi ya oda na kuifanya ichanwe au isisomwe. Victor Ambros na Gary Ruvkun waliigundua kwa mnyoo mdogo wa C. elegans, wakachapisha mwaka 1993, na mwaka 2024 wakapewa Tuzo ya Nobel.

Inayokuhusu zaidi ni miR-33. Binadamu ana mbili. miR-33a imejificha ndani ya jeni ya SREBF2, inayoamuru seli itengeneze lehemu. miR-33b imejificha ndani ya SREBF1, inayoamuru ini litengeneze mafuta kutokana na sukari. Jeni mwenyeji ikiwashwa, mgeni wake naye anatoka. Angalia basi kinachotokea ukinywa soda. Sukari inafika kwenye ini, insulini inapanda, SREBF1 inawashwa, na ini linaanza kutunga mafuta mapya. Wakati huohuo miR-33b inazima CPT1A na CROT, ambazo zingechoma mafuta, na inazima ABCA1, pampu inayotoa lehemu ndani ya seli ili HDL iundwe. Amri moja, matokeo matatu: mafuta yanatungwa, hayachomwi, na HDL inakosa malighafi. Linganisha na karatasi yako ya maabara: trigliseridi 3.1 juu, HDL 0.9 chini. Insulini ina njia nyingine pia za kufika hapo, lakini hii ni mojawapo, na dawa yake ya kwanza ni kupunguza sukari inayoiwasha.

Panya hawana miR-33b. Kwa hiyo unapokutana na tangazo la kidonge cha mimea "kinachotuliza miR-33", likitegemea majaribio ya panya, ujue nusu ya habari ya binadamu haimo. Kuizuia miR-33 kwa sindano kulijaribiwa kwa nyani, na matokeo yaliyochapishwa 2011 yalionyesha HDL ikipanda na trigliseridi zikishuka. Lakini panya waliozaliwa bila miR-33 walinenepa na ini lao likajaa mafuta walipopewa mlo wenye mafuta mengi. RNA moja hugusa jeni nyingi; huwezi kuvuta uzi mmoja ukadhani nguo haitakunjana.

Zipo pia RNA ndefu zisizotunga protini. Moja inaitwa CHROME, nayo ipo kwa binadamu na jamii ya nyani. Lehemu ikizidi ndani ya seli, CHROME huongezeka, na kazi yake ni kuzizuia mikroRNA kama miR-33 ili pampu ya ABCA1 ifunguke. Mwili una kinga yake, ila kinga hiyo huelemewa ikichokozwa kila siku.

Kuhusu kipimo: hakuna viwango vilivyokubaliwa vya kusema miR-33 au miR-122 yako ni ya kawaida au si ya kawaida, na hakuna jibu litakalobadilisha matibabu yako. Sampuli yenyewe huharibika kirahisi. Chembe nyekundu zikipasuka wakati wa kuchota damu au kuisafirisha, humwaga miR-16 na miR-451 kwa wingi na kupotosha hesabu. Chupa yenye heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, huvuruga mashine ya PCR inayohesabu RNA. miR-122 ndiyo mikroRNA iliyo nyingi kuliko zote kwenye ini, na ikipanda kwenye damu kwa kawaida inaonyesha seli za ini zimeumia, jambo ambalo ALT, kipimo cha kawaida cha ini, hukuambia kwa bei ya chini sana. Fedha hizo pima HbA1c, yaani wastani wa sukari ya miezi mitatu hivi, kwa kuwa sukari ya 5.9 kabla ya kula iko mpakani, na TSH, kipimo cha tezi shingo, kwa sababu tezi shingo ikifanya kazi kivivu hupandisha LDL, na wengi huanzishiwa dawa ya lehemu bila kuangaliwa hilo.

Twende jikoni. LDL yako haikuandikwa, lakini inakokotoleka: lehemu jumla, toa HDL, toa trigliseridi zilizogawanywa kwa 2.2. Yaani 6.4 toa 0.9 toa 1.4, inabaki takriban 4.1. Hesabu hii haifai trigliseridi zikipita 4.5, hapo omba LDL ipimwe moja kwa moja.

Tui zito la kwanza, kasimile, lina takriban gramu 20 za mafuta yaliyoshiba kwa kila mililita 100. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta hayo yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na kwa anayekula kilokalori 2,000 hiyo ni gramu 22. Kwa hiyo nusu kikombe tu cha kasimile kinakaribia kumaliza kiwango cha siku nzima, kabla hujagusa nyama, maziwa wala mandazi. Mafuta hayo hupunguza vipokezi vya LDL kwenye ini, na LDL inabaki ikizunguka.

Huna haja ya kuitupa mbuzi ya kukunia. Kuna nazi? Ikamue kama kawaida kwa kifumbu, tenga kasimile, na wali upikie tui la pili na la tatu. Harufu na ladha zinabaki, mafuta mengi yanaondoka na kasimile. Hiyo kasimile weka kwenye jokofu; watoto wasio na tatizo watiliwe kwenye uji, au itumike vijiko viwili tu juu ya mchuzi wa samaki unapoepuliwa. Kosa la kawaida ni kuacha nazi kisha kukaangia kwa mafuta ya mgando. Mawese nayo yana karibu nusu mafuta yaliyoshiba. Tumia alizeti, kijiko kimoja cha chakula kwa mtu kwa mlo, na usirudie mafuta yaliyokwisha kaangia. Kosa la pili ni kuondoa tui na kujaza pengo kwa wali zaidi: LDL itashuka kidogo, trigliseridi zitapanda. Badilisha mafuta kwa mafuta. Kila asilimia 1 ya nishati unayoihamisha kutoka mafuta yaliyoshiba kwenda ya alizeti au soya hushusha LDL kwa takriban 0.05 mmol/L. Ukihamisha asilimia 7, ni 0.35 hivi.

Wali uwe robo ya sahani. Robo nyingine maharage, choroko au kunde, nusu iliyobaki mboga. Gramu 130 za jamii hii ya kunde zilizopikwa kila siku, yaani karibu robo tatu ya kikombe, hushusha LDL kwa asilimia 5 hivi, kwa sababu nyuzi zake hunasa asidi za nyongo, na ini hulazimika kuchota lehemu ya damu ili litengeneze nyingine. Samaki wenye mafuta, vibua au dagaa, mara mbili au tatu kwa wiki, wachemshwe au wapikwe mchuzi.

Sukari ndiyo penye faida ya haraka zaidi kwako. Vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko vitatu vidogo kila kimoja ni gramu 36. Soda ya mililita 300 ina nyingine 32 hivi. Jumla 68, wakati kikomo ni 50 na lengo bora ni 25. Acha soda kabisa wiki ya kwanza. Chai punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi utazoea. Juisi ya maembe usiihesabu kuwa nafuu.

Kahawa ya dele huchemshwa pamoja na unga wake bila kuchujwa, na mafuta yake hubeba kafestoli, ambayo hupandisha LDL. Vikombe viwili vidogo barazani si tatizo. Wanaokunywa kumi, nawaomba wapitishe kahawa kwenye chujio la karatasi. Karatasi huinasa karibu yote.

Rudia vipimo baada ya wiki 12, saa 10 hadi 12 bila kula, siku tatu bila pombe, na usipime ukiwa na homa au ndani ya wiki chache baada ya malaria, kwa sababu maradhi hushusha LDL na HDL kwa muda na kukupa furaha ya uongo. Kaa dakika kumi kabla ya kuchomwa, na mwambie fundi asiuache mpira umekaza mkono kwa muda mrefu. Trigliseridi zikifika 5.6 au zaidi, usisubiri miezi mitatu, kwa sababu kongosho liko hatarini. LDL ikizidi 4.9, au ndugu wa damu akiwa alipata mshtuko wa moyo kabla ya miaka 55 kwa mwanamume au 65 kwa mwanamke, mweleze daktari, maana hapo huenda ni ya kurithi na chakula peke yake hakitatosha. Ukiandikiwa statini, dawa ya kushusha lehemu, itumie na chakula hiki; havibadilishani nafasi. Kwa wale ambao statini haiwatoshi ipo inklisirani, sindano ya RNA fupi inayozima oda ya PCSK9, protini inayoharibu vipokezi vya LDL, ndani ya ini: dozi ya kwanza, ya pili baada ya miezi 3, kisha kila miezi 6, na LDL hushuka kwa karibu nusu. Ulaya iliidhinisha mwaka 2020, Marekani 2021. RNA hiyo hufika kwenye ini kwa sababu imefungwa kwa sukari maalumu ambayo seli za ini huitambua na kuivuta, na imebadilishwa kikemia ili isikatwe njiani. Mchele hauna kifungashio hicho.