Kisukari kilitulia, mbona miguu inakufa ganzi?

SWALI: Shikamoo daktari. Miaka kadhaa iliyopita mama alifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Mfuko wa tumbo ulipunguzwa na utumbo ukaunganishwa upya. Kisukari kilitulia, akaacha hata vidonge vya vitamini. Sasa miguu inakufa ganzi na ngazi zinamchosha. Upasuaji umeharibika?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ninachokishuku kwanza ni vile vidonge alivyoacha. Baada ya upasuaji wa aina hiyo, chakula hupita kando ya sehemu ya utumbo inayonyonya madini ya chuma, na vitamini B12 hainyonywi vizuri tena. Akiba ya B12 iliyo kwenye ini huweza kudumu miaka, ndiyo maana ganzi huja wakati watu wameshasahau upasuaji. Tiba ikicheleweshwa, mishipa ya fahamu huweza isipone kabisa. Mpeleke wiki hii! Aombe kipimo cha wingi wa damu, B12, chuma, kalisi na vitamini D.

Sukari nayo ipimwe, kwani kisukari pia huleta ganzi, na hurudi. Katika utafiti mkubwa wa Sweden ulioanza 1987, kilikuwa kimetulia kwa asilimia 72 ya wenye kisukari waliopasuliwa baada ya miaka 2, lakini asilimia 36 tu baada ya 10. Hata hivyo, waliopasuliwa walikufa wachache kuliko wenzao wanene ambao hawakupasuliwa, kwa hiyo mama asijutie.

Akiumwa viungo, asinunue ibuprofeni wala diklofenaki dukani. Humletea vidonda vya tumbo. Vitamini ni za maisha yake yote.