Jibu: Mguu wa binti unaojipinda jioni

Habari za leo, dada wa Tukuyu. Umeuliza kwa nini mguu wa binti yako hujipinda kila jioni na kunyooka asubuhi, kama ilivyokuwa kwa shangazi yake, ilhali picha ya ubongo haina kasoro.

Chunguza kwanza hiyo tofauti ya asubuhi na jioni. Mpwa wangu wa Makambako alitibiwa kifafa kwa miaka 2 kabla bingwa wa mishipa ya fahamu hajauliza jambo hilo. Kumbe mpwa huyo alikuwa na distonia (misuli kujikaza na kujipinda yenyewe) ya kurithi, iliyoelezwa na daktari Segawa wa Japani miaka ya 1970. Mwaka 1994 watafiti walibaini kwamba chanzo chake ni hitilafu katika jeni iitwayo GCH1, ambayo hupunguza kimeng'enya kinachohitajika ili ubongo utengeneze dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo wa mwili. Seli zenyewe hazifi, ndiyo maana picha huwa safi.

Mimi si daktari, na tatizo la binti yako laweza kuwa jingine. Hata hivyo, muulize bingwa kuhusu kumjaribu kwa dozi ndogo ya levodopa, dawa ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, chini ya uangalizi wake, wala usijinunulie dukani. Mrekodi kwa simu akitembea asubuhi na jioni. Kwetu video mbili zilisaidia kuliko maelezo yetu yote.