Gereji ya Wasomaji: Mbona 504 hairudi?

Mwezi huu barua zimekuja nyingi kuhusu magari yaliyoacha kutengenezwa na nyingi ni za Peugeot 504, nimefurahi sana maana hiyo gari ndo iliyonifundisha kazi. Nimechagua tatu.

SWALI: Fundi, habari za kazi. Niko Nakuru. Mzee wangu aliendesha matatu ya 504 ile ya safu tatu za viti, Nakuru–Nairobi, miaka ya themanini. Mpaka leo akiona moja barabarani anasimama kuiangalia hadi ipotee. Kampuni bado iko, si waitoe tena vile vile ilivyokuwa hata kama ni kwa Afrika peke yake? Wanunuzi tuko.

JIBU: Salama ndugu yangu, na mzee mfikishie salamu zangu, dereva aliyepanda na kushuka ile escarpment ya Bonde la Ufa kila siku na gari imejaa watu na mizigo juu ya keria anastahili heshima.

504 ilitoka 1968, 1969 ikapewa tuzo ya gari bora la mwaka Ulaya. Saluni Ufaransa waliacha kuitengeneza 1983, pikapu ikaendelea mpaka 1993, na huku kwetu Afrika, Kenya na Nigeria, waliendelea kuziunganisha hata baada ya hapo. Zilitoka zaidi ya milioni 3. Na Safari Rally tunaikumbuka wote, 1975 Ove Andersson kashinda na 504, 1978 Jean-Pierre Nicolas kashinda na ile kupe ya V6, na kabla ya hapo kaka yake 404 alishachukua mara nne, mbili kati ya hizo, 1966 na 1967, aliendesha Bert Shankland wa Tanzania.

Ila mzee wako hasimami barabarani kwa sababu ya rali. Anasimama kwa sababu anaijua ile gari tumboni. Steshenwagon ile ekseli ya nyuma ilikuwa na springi za koili mbili kila upande, yaani nne kwa jumla, ndo maana ilibeba watu na magunia na bado haikukupiga mgongo. Halafu injini. Slivu zake, yaani bomba ambamo pistoni inapanda na kushuka, zinatoka, maji yanazizunguka moja kwa moja, kwa hiyo silinda ikiliwa huna haja ya kupeleka bloku kuchongwa mjini. Nikiwa kijana wa kupasishia spana nilimwona fundi wangu akifanya hiyo kazi chini ya mkorosho, kaweka kipande cha mbao chini ya slivu, anagonga taratibu huku anazungusha kidogo kidogo, ikatoka nzima, akafuta kikalio chake kwa kitambaa mara tatu mpaka kikang'aa, akapima urefu kwa kucha kwanza halafu ndo akachukua geji, akaweka mpya na sili zake. Kesho yake jioni gari iliwaka na mwenyewe akarudi nayo shambani na nyanya zake hazijaoza. Hicho ndo kitu watu wanakililia, hawalilii taa wala umbo la boneti.

Na hicho ndo kigumu kurudisha. Moldi za kukandamiza bodi haziwekwi miaka thelathini. Sheria za moshi na za ajali zimebadilika, gari mpya inatakiwa iwe na eabegi, breki za ABS, sensa kwenye ekzosi, kontrol boksi ya kusimamia vyote hivyo, sasa ukishaweka hayo yote kwenye bodi ya 504 umepata sura ya 504 yenye tumbo la gari lingine, ikizima njiani Gilgil unahitaji mashine ya kupimia na mtu wa laptopu.

Tumeshaona hiyo kwa Volkswagen. Kobe wa zamani, yaani Beetle, wa mwisho alitoka kiwandani Puebla, Mexico, Julai 2003, baada ya kutengenezwa zaidi ya milioni 21. Ile New Beetle waliyoitoa miaka ya tisini mwishoni ilikuwa na mgongo wa kobe lakini injini imehamia mbele na inapozwa kwa maji, chini ni Golf. Gari nzuri tu, ila fundi wa kobe akifungua boneti hakuti kitu anachokijua. Peugeot nao 2018 Paris walionyesha gari ya umeme, e-Legend, imechukua sura ya 504 kupe, watu wakaipenda mpaka wakakusanya saini kuomba itengenezwe, haikutengenezwa. Mi mwenyewe niliipenda sana ila isingemsaidia mtu wa Nakuru.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, 2017, walileta pikapu kwa ajili ya Afrika, asili yake ni ya mshirika wao wa China, Dongfeng. Wapenzi wa 504 waliikataa wakisema hii si damu yetu. Mi nasema wazo lilikuwa sahihi kuliko e-Legend, walikumbuka kwamba sisi tunataka kubeba mzigo. Nikiulizwa na kampuni leo nitawaambia waende wakaangalie Toyota Hilux Champ iliyotoka Thailand 2023, pikapu ya bei ya chini, bodi ya nyuma ni bapa na imetobolewa matundu ya bolti tayari ili kila mtu afunge anachotaka, kizimba cha kuku, friji, benchi, chochote. Haijavaa sura ya gari lolote la zamani lakini mtu wa 504 akiiona anaielewa. Hiyo ndo 504 ninayotaka irudi, na inawezekana, maana Land Cruiser za 70 zinatengenezwa tangu 1984 mpaka leo na mashine yake ya dizeli, 1HZ, haina mambo mengi, na wanunuzi hawajaisha.

SWALI: Shikamoo fundi. Sisi huku Mbeya tunabishana kijiweni, Defender mpya ni mtoto halali wa Land Rover 109, ile ndefu ya zamani, au wameazima jina tu?

JIBU: Marahaba. Kwa jina ni mtoto, kwa kazi hapana. Defender ya zamani iliacha kutengenezwa Solihull, Uingereza, tarehe 29 Januari 2016, baada ya zaidi ya milioni 2 ukihesabu tangu zile za kwanza za 1948. Mpya ilionyeshwa 2019, inatengenezwa Slovakia, na haina chasisi ya kujitegemea, bodi na chini ni kitu kimoja. Kwenye tope inapita vizuri sana, sitaki mtu anisingizie nimeisema vibaya. Lakini 109 ukigonga mti unafungua bolti za madigadi unaivua unaigonga na nyundo unairudisha, alumini haishiki kutu kama chuma, kinachooza ni chasisi na chasisi inachomelewa. Aliyejaribu kurudisha hiyo ni kampuni ya Ineos na Grenadier yake, ina chasisi ya ngazi na ekseli nzima mbele na nyuma, injini ya BMW. Bei yake tu ndo inamfungia mkulima mlango.

SWALI: Shikamoo baba fundi. Mimi ni binti niko Korogwe. Marehemu baba ameacha pikapu ya 504 ya dizeli, iko chini ya mwembe mwaka wa tisa. Kaka zangu wanataka kuipima kilo wauze skrepa. Mimi roho inaniuma. Inafufuka?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana na msiba. Waambie kaka zako wasubiri wiki mbili tu, na mtu yeyote asije na betri kujaribu kuiwasha.

Tafuta fundi mtu mzima, afungue nati ya kumwagia oili chini ya sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, afungue polepole sana. Yakianza kutoka maji kabla ya oili basi maji yameingia ndani ya injini, usiogope, ni kazi inayotengenezeka. Kisha atoe nozeli zote nne, atie kwenye kila tundu dizeli iliyochanganywa na oili, vijiko viwili vya chakula, aache siku nne tano. Ndo baadaye azungushe kwa mkono, spana kwenye bolti ya puli ya mbele, asilazimishe. Ikisogea hata robo una injini.

Wakati mnasubiri wewe mwenyewe chukua bisibisi uchokonoe kingo za chini ya milango, sakafu ya keb chini ya zulia, na pale betri inapokalia. Kutu ya juu isikutishe. Bisibisi ikizama ndo ugonjwa, na hapo mpigie hesabu mtu wa kuchomelea kabla ya fundi wa injini, maana injini hata ikipona itahitaji pa kukaa. Tangi lishushwe lioshwe, mipira ya breki yote itupwe. Na kadi ya gari uitafute mapema, mara nyingi wazee waliiweka kwenye ile mikoba ya zamani pamoja na hati za shamba.

Niandikie kilichotoka kwenye sampo, maji au oili.