Siku Msipoona Kitu, Andikeni "Hakuna"

Wiki hii nimepokea ujumbe wa mama mmoja wa Tanga. Yeye, mume wake na watoto watatu walianzisha daftari la viumbe na mimea ya hapo kwao mwezi Januari. Kurasa saba zilijaa haraka: kinyonga, kiota cha mnana, jongoo, kaa wa pwani. Ukurasa wa nane ni mweupe mpaka leo, kwa sababu wamechoka kutoka nje na kukuta yale yale.

Dada yangu, yale yale ndiyo tunayoyataka. Hapo mlipokwama ndipo kazi inapoanza.

Familia nyingi huliendesha daftari kama albamu ya maajabu. Kila wiki kitafutwe kitu kipya, kizuri, cha kuchora. Maajabu ya uani huisha ndani ya mwezi mmoja, na daftari hufa nayo. Lakini tazama linavyokuwa ukiwa unarudia kitu kilekile. Tuseme mmeandika tu kwamba tarehe 12 Novemba kumbikumbi wametoka. Hamwezi kujua kama ndiyo mara ya kwanza msimu huu au walishatoka mara mbili mkiwa mmelala. Sasa tuseme tarehe 29 Oktoba mliandika "hakuna kumbikumbi", tarehe 5 Novemba "hakuna", na tarehe 12 "wengi, chini ya taa ya mlangoni". Hapo mna jambo kamili: wametoka kati ya tarehe 5 na 12. Mkiangalia mvua ya siku hizo, mtaona iliyowatoa. "Hakuna" mbili zimeipa ile "wengi" maana yake.

Ila "hakuna" iwe na jina. "Leo hakuna kitu" haisaidii. Andikeni: "Hakuna kumbikumbi. Tumetazama chini ya taa, saa 1:00 hadi 1:15 usiku." Kwa hiyo chagueni vitu vitano visivyobadilika, mvitazame mwaka mzima. Kwa familia ya pwani ningechagua mti mmoja, ndege mmoja, mdudu mmoja, mvua, na maji ya bahari. Vya ziada vikijitokeza vikaribisheni, ila vitano hivi haviachwi.

Mti uwe karibu na mlango. Mkungu unafaa sana, maana majani yake huwa mekundu kabla ya kupukutika na hata mtoto wa miaka minne anaona. Mkrismasi pia unafaa, kwa sababu ya maua. Funga uzi kwenye tawi moja mnalolifikia, ulegee, maana tawi hunenepa na uzi uliokazwa hulikata. Kila wiki hesabuni kwenye tawi hilo tu: majani mabichi mangapi, mekundu mangapi, vichipukizi vingapi. Mkihesabu mti mzima mtakuwa mnakisia, na kila mtu atakuja na namba yake. Shina lipimwe mara mbili kwa mwaka kwa futikamba ya fundi cherehani, sentimita 130 kutoka ardhini. Wekeni alama ya rangi hapo. Mkipanda au kushuka kidogo, tofauti ya kimo itaonekana kama mti umekua au umesinyaa.

Ndege asiwe adimu. Kunguru yule mwenye shingo ya kijivu, aliyeletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na sasa amejaa mijini, anatosha kabisa. Kaeni mahali palepale dakika 10, muandike idadi kubwa zaidi mliyoiona kwa mpigo mmoja. Msijumlishe kila anayepita, kwani kunguru mmoja akizunguka mara nne atakuwa kunguru wanne.

Saa nayo huharibu madaftari mengi. Simu inaonyesha 7:00, mtoto anaandika "saa 7", na baada ya miezi mitatu hakuna anayejua kama ilikuwa asubuhi au mchana wa jua kali. Kubalianeni siku ya kwanza kwamba mtatumia saa za Kiswahili, daima na neno lake: saa 1 asubuhi, saa 10 jioni. Kila ukurasa uanze na tarehe pamoja na mwaka, saa, mahali, waliokuwepo, hali ya mawingu, na upepo. Kitambaa chembamba cha khanga kilichofungwa kwenye kijiti kitawaambia upepo unatoka wapi. Andikeni kusi au kaskazi, kama wavuvi wasemavyo, na mzee wa nyumbani awafundishe watoto miezi yake.

Mvua inahitaji kifaa, na chupa ya maji ya lita 1.5 inatosha. Chagua yenye ubavu ulionyooka. Yenye kiuno au mikunjo itadanganya, kwa sababu maji yaleyale hupanda juu zaidi kwenye wembamba. Kata pale bega linapoishia, toa kizibo, kigeuze kipande cha juu kiwe faneli na ukitumbukize ndani ya kile cha chini. Kitako cha chupa hakiko sawa, hivyo weka kokoto mpaka zizibe mabonde yake, mimina maji yazifunike, kisha chora mstari wa sifuri kwenye uso wa maji. Bandika rula ya milimita kuanzia hapo. Chupa ikae wazi, umbali mara mbili ya kimo cha ukuta au mti ulio karibu, na ifungwe kwenye kigingi kifupi ili tone la tope lisirukie ndani. Soma kila siku saa 3 asubuhi, jicho likiwa sawa na maji, kisha mwaga na urudishe maji kwenye sifuri. Usipomwaga utafuga mbu. Na siku kavu huandikwa 0, isiachwe tupu. Nafasi tupu ina maana kwamba hamkusoma.

Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Mvua ya milimita 10 juu ya bati la mita za mraba 40 ni lita 400, yaani mapipa mawili ya lita 200. Mpe hesabu hiyo mtoto wa darasa la tano aifanye kwa mvua yenu wenyewe, na utaona hataisahau chupa yake.

Bahari ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Wanakwenda Jumamosi saa 4 asubuhi wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa sana na kutoka mbali sana, wanakuta maji yametoka mbali, kaa na viumbe vya mwambani viko wazi. Jumamosi inayofuata, saa ileile, maji yamejaa, watoto wananuna. Sababu ni kwamba maji huchelewa takriban dakika 50 kila siku. Kwa siku saba ni kama saa sita, na hizo ndizo zinazotenganisha maji kupwa na maji kujaa. Nendeni kila baada ya wiki mbili, siku mbili tatu hivi baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu, mtakuta bamvua kwenye saa zilezile. Siku ya maji mafu, maji yanapopanda na kushuka kidogo tu, andikeni pia, pembeni mkichora umbo la mwezi. Vaeni viatu, na mtoto asiokote konokono wa baharini aliye hai mwenye umbo la pia, maana baadhi yao wana sumu inayoweza kuua.

Daftari lenyewe liwe kauntabuku ya kurasa 192. Kurasa mbili kwa wiki ni 104 kwa mwaka, na zinazobaki ni za mvua, majani na siku zenye mambo mengi. Tumieni penseli. Wino wa jeli mara nyingi hutawanyika kwa tone moja la jasho. Majani yakaushwe ndani ya gazeti chini ya vitabu vizito, gazeti libadilishwe kila siku kwa siku nne za mwanzo. Masika hewa ina unyevu mwingi, kwa hiyo gazeti lianikwe juani kwanza, la sivyo ukungu utakula jani na ukurasa. Jani likigusishwa shavuni na kuonekana la baridi bado lina maji. Likikauka, libane kwa vipande vyembamba vya karatasi vyenye gundi kidogo. Soletepu hugeuka njano na kubanduka. Mshubiri na majani mengine yenye maji mengi msiyakaushe, chorani tu.

Nina neno kwa wazazi, na nalisema kwa uchungu kwa sababu naliona mara nyingi. Acheni kusahihisha michoro. Mtoto aliyechora kunguru wa miguu mitatu aulizwe, "Tukamtazame tena, miguu ni mingapi?" Akifutiwa na kuchorewa na baba, wiki ijayo atamwachia baba daftari zima. Asiyejua kuandika atamke, mwingine aandike maneno yake yalivyo. Kinachosahihishwa ni kimoja tu: yaliyoonekana yasichanganywe na yanayodhaniwa. "Kunguru amebeba kijiti" ni jambo lililoonekana. "Anajenga kiota" ni dhana, iandikwe mstari wa chini ikianza na "Tunadhani".

Mkikosa wiki tatu, msijaze kwa kumbukumbu. Pigeni mstari, andikeni "Hatukutazama, 3 hadi 23 Mei", muendelee.

Mwisho kabisa, acheni kurasa kumi za nyuma. Chorani safu: kitu upande wa kushoto, kisha 2026, 2027, 2028. Kumbikumbi wa kwanza. Ua la kwanza la mkrismasi. Mbayuwayu wa kwanza baada ya kusi. Embe la kwanza kuanguka lenyewe. Mwaka wa kwanza safu moja tu itajaa na haitasema mengi. Dada wa Tanga, ukurasa wako wa nane uanze na tarehe ya leo, jina la mti ulio karibu na mlango, na idadi ya majani mekundu, hata kama ni sifuri.